Mtu Mmoja, Sura Mbili: Mwongozo Kamili wa Kumbuni Shujaa na Maisha Yake ya Siri

Wengi wanaoanza kuchora katuni za mashujaa huanzia kwenye barakoa. Wanachora joho, wanaweka alama kubwa kifuani, wanapaka rangi za kuwaka, na karatasi ikishajaa ndipo wanakumbuka kwamba huyu mtu ana kazi, ana kodi ya nyumba, ana majirani. Basi wanamvalisha shati na suruali, wanamtundika miwani, wanahesabu kazi imekwisha. Wanabaki na shujaa mzuri na raia asiye na sura yoyote, na msomaji haoni siri iko wapi.

Mwongozo huu unaanzia upande wa pili. Barakoa hufunika uso, lakini anayeilinda siri ni yule mtu wa kawaida anayepanda basi asubuhi, na ndiye anayehitaji ufundi zaidi.

Waliotangulia walilijua hili kabla ya katuni za mashujaa kuwepo. Mwaka 1905 ilitoka riwaya ya Baroness Orczy kuhusu bwana wa Kiingereza aliyewaokoa watu kwenye mapinduzi ya Ufaransa huku akijifanya limbukeni wa nguo na mizaha. Mwaka 1919 Johnston McCulley akamleta Zorro, ambaye mchana ni Don Diego Vega, kijana legelege anayechoka hata kupanda farasi. Nani atamshuku mtu wa namna hiyo kwamba usiku anaruka madirisha na upanga mkononi? Jerry Siegel na Joe Shuster walipomtoa Superman mwaka 1938, hila hiyo ilikuwa imeshakomaa. Wao waliongeza rangi.

Hatua ya 1: Andika anajificha kwa nani

Kabla ya penseli, chukua kalamu. Andika safu tatu: watu wasiomjua kabisa, watu wanaomwona kila siku kazini au mtaani, na watu wa nyumbani kwake. Kila safu ina ugumu wake, na kitu kinachomdanganya mtu wa safu ya kwanza hakimbabaishi mtu wa safu ya tatu hata kidogo.

Miwani ya Clark Kent, yaani Superman akiwa raia, ni mfano mzuri. Mwaka 2016 Robin Kramer na Kay Ritchie, watafiti wa Chuo Kikuu cha York nchini Uingereza, waliwapa watu picha mbili mbili za nyuso wasizozijua na kuwauliza kama ni za mtu mmoja au wawili. Picha zote mbili zikiwa na miwani, au zote hazina, watu walipatia kwa takriban asilimia 80. Moja ikiwa na miwani na nyingine haina, wakashuka hadi karibu asilimia 74. Kwa hiyo miwani inasaidia, ila kwa kiasi, na kwa wageni tu. Lois Lane, mwandishi mwenzake anayekaa meza ya jirani na Clark na kuruka angani na Superman si mgeni kwa yeyote kati yao. Kwake yeye inatakiwa hila nyingine.

John Byrne alipoiandika upya hadithi ya Superman mwaka 1986, alitumia hoja ninayoipenda kuliko zote: Superman havai barakoa, kwa hiyo watu hawafikirii kabisa kwamba ana maisha mengine. Anayejificha ni mwenye barakoa. Huyu kaonyesha uso wake wote, sasa unamtafutia nini? Mwaka uliofuata akaandika tukio ambalo kompyuta ya Lex Luthor, adui mkubwa wa Superman, inatoa jibu kwamba Clark Kent ndiye Superman, na Luthor analikataa palepale. Hawezi kuamini kwamba mwenye nguvu kiasi hicho angekubali kujifanya mnyonge. Pazia lilikuwa ndani ya kichwa cha Luthor mwenyewe.

Jiulize pia kama siri inahitajika. T'Challa, yaani Black Panther, aliyetokea mwaka 1966, ni mfalme, na vazi lake la chui ni la cheo. Storm wa X-Men, ambaye mama yake N'Dare ni Mkenya, ana nywele nyeupe na macho ya buluu tangu alipotoka mwaka 1975, na hadithi zake hazitegemei kumficha. Tony Stark kwa miaka mingi alidai Iron Man ni mlinzi wake tu, mpaka filamu ya 2008 ikamaliza kwa yeye kusema ukweli mbele ya waandishi wa habari. Kama siri haikuletei mgogoro wowote kwenye hadithi, usiibebe.

Hatua ya 2: Mchore raia kwanza

Kwa mwongozo huu nimebuni mhusika wa kufanyia kazi. Tumwite Bakari, konda wa daladala. Nimemchagua makusudi kwa sababu hana upole wa Clark Kent. Ana kelele. Njia nzima inamjua.

Sasa andika watu wanakumbuka nini juu yake. Si alivyo, bali wanachokumbuka. Abiria wa asubuhi hakumbuki pua ya konda. Anakumbuka sauti iliyokwaruza inayoita vituo, mkono wenye noti zilizokunjwa kwa urefu katikati ya vidole, sarafu zinazochezeshwa kiganjani, na mwili unaoning'inia mlangoni gari likiwa linaondoka. Anakumbuka alivyogonga bodi kumwashiria dereva. Uso wa Bakari, ukiondoa macho anayokutolea ukisema huna chenji, haupo kwenye orodha.

Orodha hiyo ndiyo inayokuongoza, kwa sababu kila kilichomo ndicho ambacho shujaa hatakiwi kuwa nacho. Bakari ana kelele, basi shujaa wake ni bubu au karibu na bubu. Bakari ananing'inia, basi shujaa anasimama kwa miguu yote miwili. Ukianza na shujaa hupati orodha hii, kwa sababu kwa shujaa watu hukumbuka kila kitu.

Wabunifu wazuri walifanya hivi hivi. Bruce Wayne, yaani Batman mchana, ni tajiri wa starehe anayechelewa kuamka, kwa hiyo hakuna anayemdhania ana nidhamu ya kukesha juu ya paa. Diana Prince, yaani Wonder Woman, alikuwa mfanyakazi wa ofisi za jeshi mwenye miwani na nywele zilizofungwa nyuma. Billy Batson, yaani Shazam, wa mwaka 1940, ni mtoto! Anatamka neno moja, radi inapiga, anasimama mtu mzima, na hapo tofauti ya umri imeshafanya kazi yote.

Tahadhari moja. Usimfanye raia wako ajifanye mlemavu ili tu asishukiwe. Matt Murdock, wakili anayegeuka Daredevil, ni kipofu kweli, usiku na mchana. Anachoficha ni hisi zake nyingine zilivyo kali. Hapo hadithi ina uzito. Mtu asiye mlemavu anayetembelea gongo la uongo mpaka sura ya mwisho ni njia ya mkato, na wasomaji wenye ulemavu wataiona kabla ya wengine.

Hatua ya 3: Badilisha mwili kabla ya nguo

Hapa nitakaa zaidi, maana ndipo kazi nyingi zinapoharibikia.

Tafuta filamu ya Superman ya mwaka 1978 na uangalie tukio moja. Christopher Reeve, akiwa Clark, anamsubiri Lois nyumbani kwake. Lois yuko chumba cha pili. Clark anaamua kumwambia ukweli. Anavua miwani. Kisha mabega yanarudi nyuma, kifua kinafunguka, shingo inapanda, kidevu kinanyooka, na unamwona anarefuka mbele ya macho yako. Anafungua kinywa, sauti imeshuka. Halafu anaghairi. Miwani inarudi, mabega yanaanguka, sauti inapanda kwa wasiwasi, na Clark yule yule mwenye haya amerudi. Suti ni ile ile. Hakuna joho wala alama. Ni uti wa mgongo tu. Na kwenye filamu nzima nywele nazo zinafuata: Clark anazichanua upande mmoja, Superman upande wa pili.

Rudia tukio hilo ukiwa umezima sauti, ukisimamisha kila baada ya sekunde, na uchore mistari mitatu tu kwa kila picha: mstari wa mgongo, mstari wa mabega, mstari wa nyonga. Utakuwa umejifunza zaidi ya unavyoweza kujifunza kwa kunakili mavazi.

Frank Quitely, aliyemchora Superman kwenye mfululizo ulioanza mwaka 2005, alikwenda mbali zaidi. Clark wake si mwembamba. Ni pande la mtu aliyejikunja ndani ya suti pana, tumbo limelegezwa, magoti yameelekea ndani, anajikwaa kila anapopita. Mwili mkubwa haukufichwa, ulifanywa uonekane mzigo. Huo ni uamuzi wa busara kwa mchoraji yeyote, kwa sababu misuli ya shujaa haiwezi kuyeyuka mchana. Ipe maelezo mengine: mnene, mzito, asiye na mazoezi, aliyerithi shati la kaka yake.

Kwa Bakari tunafanya kinyume. Yeye mchana ni mwepesi na amepinda. Uzito wote uko mguu mmoja, bega la kulia limeshuka kwa sababu mkono wa kushoto umezoea kushika bomba la juu, kichwa kimetangulia mbele ya mwili kama anayechungulia. Shujaa wake ana mabega yaliyo sawa na kichwa kilichokaa juu ya shingo. Hatikisiki.

Zoezi: mchore mhusika wako akiwa na fulana nyeupe na kaptula, mara mbili, bila kubadilisha nywele, uso wala nguo. Moja awe raia, nyingine awe shujaa. Mpe mtu michoro hiyo umuulize yupi ni yupi. Akisita, rudi kwenye mgongo. Usiende hatua inayofuata.

Hatua ya 4: Uso, kipi kifunikwe na kwa gharama gani

Barakoa ziko za aina nne kwa ukubwa, ukihesabu na kutokuwa nayo. Kuna kipande cha macho tu, kama cha Robin wa mwaka 1940. Kuna kofia inayoshuka mpaka puani na kuacha mdomo, kama ya Batman. Kuna inayofunika kichwa kizima, kama ya Spider-Man. Na kuna uso mtupu, wa Superman na Wonder Woman.

Kipande cha macho ni dhaifu kuliko vyote, na msomaji anajua. Kitumie pale ambapo shujaa anakutana na wageni tu, au gizani, au kwa mwendo wa kasi.

Mdomo ulioachwa wazi una faida kubwa: unapata hasira, dharau, uchovu. Lakini mdomo hutambulika. Mtu mwenye mwanya hawezi kutabasamu chini ya barakoa ya Batman. Mwenye kovu la kidevu, mwenye ndevu za mtindo fulani, vivyo hivyo. Green Arrow ni fundisho: mwaka 1969 Neal Adams alimchorea ndevu kali za kidevuni, zikampendeza sana, na tangu hapo Oliver Queen na Green Arrow wanatembea na ndevu zile zile mbele ya watu wale wale. Kwa mvuto zimemfaa. Kwa siri, hapana.

Macho meupe yasiyo na mboni yalianza mapema, na Phantom wa Lee Falk mwaka 1936, kisha Batman mwaka 1939. Bob Kane, mmoja wa wabunifu wa Batman, alikuwa na mchoro wa awali wenye nguo nyekundu na kipande cha macho; mwenzake Bill Finger ndiye aliyeshauri kofia yenye masikio na macho matupu. Jaribu mwenyewe: chora uso wenye barakoa, weka mboni, kisha zifute. Mtu anageuka kiumbe. Ndiyo sababu macho meupe yanamfaa shujaa anayetisha na hayamfai anayefariji.

Barakoa ya kichwa kizima ndiyo salama kuliko zote na ndiyo ngumu kuchora. Steve Ditko alipomchora Spider-Man mwaka 1962 aliona kwamba uso uliofunikwa wote ungeficha sura ya kitoto ya Peter Parker, kijana aliye chini ya vazi hilo. Na ikaficha zaidi ya hiyo: rangi ya ngozi, umri, kila kitu. Ndiyo maana Miles Morales, kijana wa baba Mmarekani mweusi na mama wa Puerto Rico, alipovaa vazi hilo mwaka 2011, aliyemwona kwa mbali hakuwa na cha kutilia shaka. Peter alianza akiwa na miwani, ikavunjwa na mwenzake shuleni, na hakuihitaji tena. Barakoa ilishamaliza kazi. Gharama yake ni kwamba huna uso. Vidole, magoti, mgongo na ukubwa wa lenzi za macho ndivyo vitakavyozungumza. Kama huwezi kuchora mikono vizuri, usichague barakoa hii kabla hujajifunza mikono.

Kuhusu miwani: kama umeamua kuitumia, itumie kweli. Fremu nene inayofunika nyusi, na mwanga unaogonga kioo ukafuta macho kwenye visanduku vya picha vilivyo muhimu kwa hadithi. Na usieleze sana. Mwaka 1978 kulitolewa hadithi iliyosema miwani ya Clark imetengenezwa kwa kioo cha chombo kilichomleta duniani na inaongeza nguvu zake za kuwapumbaza watazamaji. Msomaji alikuwa ameshakubali miwani kwa hisani. Kumletea sayansi ni kumkumbusha kwamba haamini.

Nywele zinahitaji akili ya hapa kwetu. Katika katuni nyingi za Marekani, mwanamke akifungua nywele na kuvua miwani amekuwa mtu mwingine. Kwa mhusika wa Dar es Salaam au Mombasa, mtindo wa nywele hubadilika kila baada ya wiki chache, kwa hiyo hauwezi kuwa alama ya kudumu ya raia. Lakini ukiacha nywele za kusuka zionekane nyuma ya barakoa, kuna mtu mmoja utakayeshindwa kumdanganya: msusi. Anaijua mistari aliyoipiga mwenyewe juzi. Hiyo ni hadithi nzima imekaa inakusubiri.

Hatua ya 5: Sauti na maneno ndani ya kiputo cha mazungumzo

Kwenye ukurasa hakuna sauti, kuna maneno. Kevin Conroy, aliyempa Batman sauti kwenye katuni za televisheni zilizoanza mwaka 1992, alitumia sauti mbili, moja ya Bruce na moja ya Batman, na ukifumba macho ungejua nani anaongea. Wewe fanya hivyo kwa msamiati. Peter Parker shuleni anagugumia. Akivaa barakoa anawatania maadui mpaka wanakasirika. Uso ukifunikwa, ulimi unafunguka.

Kiswahili kinakupa vyombo ambavyo wachoraji wa New York hawana. Lafudhi ya Pemba na ya Mwanza zinasikika hata kwenye maandishi. Bakari mchana anaongea lugha ya stendi, maneno yamekatwa, utani juu ya utani. Shujaa wake, kwa kuwa hawezi kuificha ile sauti iliyokwaruza, anatamka maneno mawili matatu kwa Kiswahili cha taarifa ya habari. Msomaji atacheka mara ya kwanza, na mara ya tatu atatetemeka.

Sauti inaweza pia kuwa vazi lenyewe. Kwenye Shujaaz, katuni ya Kenya iliyoanza mwaka 2010, kijana Boyie anarusha matangazo ya redio kwa siri kutoka chumbani kwake na mji unamfahamu kama DJ B. Hana joho. Watu wanaijua sauti na hawaujui uso, yaani kinyume cha Superman.

Hatua ya 6: Rangi na umbo

Katuni za mwanzo za Marekani zilichapwa kwa wino wa rangi chache kwenye karatasi duni. Nyekundu, buluu na njano zilitoka zikiwa zimekolea, kwa hiyo mashujaa walizipata, na raia akaachiwa kahawia na buluu nzito ya suti. Mashine ziliamua hata ngozi: Hulk alitoka na rangi ya kijivu kwenye toleo la kwanza mwaka 1962, kijivu kikasumbua kutoka sawasawa, na toleo lililofuata akawa kijani hadi leo. Iron Man naye alianza na chuma cha kijivu mwaka 1963 na muda si mrefu akapakwa dhahabu.

Kanuni ninayokushauri: shujaa apate rangi mbili kali na moja ya kupumzishia, na raia apate rangi za mahali anapoishi. Bakari avae rangi za stendi yenyewe, vumbi, bluu iliyofifia, plastiki ya viti. Akisimama katikati ya umati kwenye fremu pana, jicho lipite juu yake.

Kisha jaza wino mweusi kila mchoro mpaka ubaki umbo tupu. Batman anajulikana kwa masikio na joho hata akiwa doa jeusi juu ya jengo. Kama shujaa wako akiwa doa anafanana na mtu yeyote aliyevaa nguo ya kubana, mwongezee kitu cha umbo, si cha rangi. Raia kwa upande wake akiwa doa afanane na watu kumi, ila ule mkao wa hatua ya tatu uonekane. Fanya jaribio hili kwenye simu, picha ikiwa ndogo kama kidole gumba, kwa sababu ndiko wengi watakakoisomea.

Ile chupi ya nje ambayo watu wanaicheka ilitoka kwa wababe wa sarakasi, waliovaa hivyo ili mwili uonekane umegawanyika vizuri. Superman alivuliwa mwaka 2011 na akarudishiwa mwaka 2018. Usiiweke, lakini elewa ilikuwa inafanya nini: ilivunja buluu ndefu kutoka kifuani hadi miguuni. Mkanda mpana unatosha.

Hatua ya 7: Anabadilikia wapi, na nguo zinakwenda wapi

Hapa msomaji wa Kiswahili ni mkali. Atauliza.

Njia maarufu ni kuvaa vazi chini ya nguo, kisha kupasua shati mbele na alama ikatokeza. Kibanda cha simu kilichounganishwa na jina la Superman kilionekana kwenye filamu fupi za katuni za studio ya Fleischer mwaka 1941. Flash wa mwaka 1956, Barry Allen, vazi lake linatoka kwenye pete. Lynda Carter, aliyeigiza Wonder Woman kwenye televisheni katika miaka ya sabini, alizunguka tu, na mzunguko ule ukawa alama yake. Hulk anachana nguo na kuachiwa suruali.

Sasa lete vazi la chini ya nguo Dar mwezi wa pili. Mikono mirefu, shingo iliyoziba, kitambaa kisichopitisha hewa, na juu yake shati la kazi. Kabla ya saa nne mtu amelowa na kila mtu amemuuliza kama anaumwa. Kamala Khan, yaani Ms. Marvel, binti wa familia ya Kipakistani huko Jersey City aliyepata mfululizo wake mwaka 2014, alitengeneza vazi lake kutokana na burkini, nguo ya kuogelea ya heshima, yaani kitu ambacho kweli kingekuwepo kabatini mwake. Hivyo ndivyo inavyotakiwa kufikiri: mhusika wako ana nini tayari? Bakari vazi lake liko chini ya kiti cha nyuma, limefungwa pamoja na jeki na spana, kwenye mfuko ambao hakuna abiria atakayetaka kuugusa kwa sababu ya grisi. Ina maana vazi lenyewe lina madoa ya grisi. Yachore.

Hatua ya 8: Acha uzi mmoja usiokatika

Ukifuata hatua zote hizo ukapita kiasi, utapata watu wawili wasiohusiana, na msomaji hatajali. Lazima kibaki kitu kimoja ambacho hakibadiliki. Ditko alikuwa akimchora Peter akiwa na nusu ya uso wake na nusu ya barakoa ya Spider-Man, ili mzigo wa upande mmoja uonekane kwenye upande mwingine.

Kwa Bakari uzi ni ile kugonga bodi. Konda hugonga ubavu wa gari kumwambia dereva asimame au aondoke. Mkono umezoea, haumuulizi mwenyewe. Shujaa, kabla hajaruka, anagonga mara mbili kwenye chochote kilicho karibu, ukuta, mlango wa bati, nguzo ya taa. Kwenye toleo la kwanza usiseme chochote juu yake. Ichore tu, ndogo, pembeni ya fremu. Toleo la tatu, atakayeitambua asiwe adui wala mpelelezi. Awe dereva wake, aliyesikia kugonga huko kwa miaka mingi kuliko alivyosikia jina la Bakari.

Chagua uzi unaotoka kwenye orodha ya hatua ya pili, na uwe wa mwili: namna ya kugonga, kukuna sikio, kukaa. Mkufu wa marehemu mama umechoka. Umetumika mno.

Hatua ya 9: Karatasi ya kumbukumbu

Malizia kwa kuwachora wote wawili kwenye karatasi moja, wakiwa wamesimama bega kwa bega, kwa urefu halisi. Raia aliyejikunja atakuwa mfupi kidogo. Pima ni kwa kiasi gani na uandike. Weka kando yao picha tatu za kichwa, mbele, ubavu na nyuma, mkono mmoja wa kila mmoja, na rangi zote zikiwa na namba zake kama unatumia kompyuta. Andika bega lipi limeshuka. Andika anapanda ngazi kwa mguu upi. Andika sentensi mbili za raia na moja ya shujaa ili usisahau wanavyoongea.

Bandika karatasi hiyo mbele ya meza yako, usiifungie ndani ya daftari. Ukifika ukurasa wa 40, saa saba za usiku, mkono utataka kumchora Bakari akiwa amenyooka, kwa sababu kumchora mtu aliyenyooka ni rahisi.